Mwalimu Aliyetufundisha Kujishika

Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda Igogo, kwenye shule niliyosoma, kuomba barua ya kuthibitisha kwamba nilimaliza darasa la saba. Cheti changu kililowa maji paa la nyumba yetu ya Buhongwa lilipovuja, na nilipoomba kazi walikitaka. Nilidhani ni shughuli ya nusu saa. Mwalimu wa zamu, binti mdogo kwangu kiumri, akaniambia mwalimu mkuu yuko kikaoni, nisubiri. Basi nikawa natembea barazani taratibu, nikisoma majina ya madarasa kana kwamba nina mtoto pale.

Mwisho wa jengo, karibu na tangi la maji, kuna mlango niliokuwa nautafuta bila kujikubalia kwamba nautafuta. Ulikuwa wazi nusu. Ndani kulijaa madawati mabovu yaliyopinduliwa miguu juu, mfuko wa saruji iliyoganda, na ndoo za rangi zilizokauka. Nilimuuliza yule binti zamani pale palikuwa na nini.

"Hii ni stoo, dada," alisema. "Ni stoo tangu zamani."

Sikumbishia. Lakini wewe nitakuambia, maana najua hutanicheka. Chumba kile kilikuwa darasa langu, na sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu, kwamba nilisoma humo.

Nilikuwa na miaka tisa, niko darasa la tatu, na watoto wenzangu walikuwa wananiogopa. Hasira yangu haikuwa ya kawaida ya watoto. Mtu akichukua kalamu yangu bila kuuliza, nilikuwa naona giza, nikizinduka nakuta kuna mtu analia na walimu wawili wamenishika mikono. Nilimvunja mwenzangu jino kwa jiwe. Nilimwagia maji ya moto mbuzi wa jirani kwa sababu alikula kamba yangu ya kurukia. Baada ya kila tukio nililia kuliko yule niliyemuumiza, lakini kilio cha aliyekosa hakina wa kukibembeleza.

Niliishi na bibi, mama yake mama. Mama alikuwa ameolewa kwingine, na mume wake hakutaka mtoto wa kuja naye. Bibi alikuwa anaanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki. Asubuhi kabla ya shule tulishuka wote kati ya mawe makubwa hadi ufukweni, yeye na beseni kichwani, mimi na kifagio cha njiti cha kugeuzia. Dagaa wabichi waliotandazwa mchangani humetameta jua likichomoza, na harufu yao huingia kwenye nywele isitoke hata kwa sabuni. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege. Saa moja ikifika bibi alinipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga kwenye kikopo, akanitazama usoni, akasema neno lake la kila siku: "Leo usinipigie mtu."

Nilimwahidi kila siku. Na kila siku nilikuwa nasema kweli, mpaka kitu kinitokee.

Bibi alijaribu alichokijua. Alinipeleka kwa mganga, nikachanjwa chale kwenye paji la uso, bado ziko ukitazama kwa karibu. Alinipeleka kanisani nikawekewa mikono. Shuleni walinichapa mpaka wakachoka. Mwalimu mkuu akamwambia bibi mbele yangu kwamba mwaka ule ukiisha hatanipokea tena.

Kabla mwaka haujaisha akaja mwalimu kutoka Kagera.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, sauti yake ya chini mpaka ukitaka kumsikia inabidi unyamaze. Alikuwa ametoka kusomea kufundisha watoto kama sisi, na shule ikampa kile chumba cha mwisho. Tulikuwa saba. Wawili walikuwa hawatulii kabisa, hupanda madirishani. Mmoja alikuwa akitukana kila anayepita. Wengine walikuwa kama mimi. Shule nzima ilituita darasa la vichaa, na wakati wa mapumziko watoto walikuja kuchungulia.

Mimi nilikalishwa dawati moja na msichana aliyenizidi mwaka. Mama yake alikuwa anakaanga mapanki barabarani, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, na yeye alikuja shuleni akinuka mafuta ya samaki kama mimi nilivyonuka dagaa, ndiyo maana pengine tulipendana. Yeye alikuwa anauma. Aliuma watu, na akikosa mtu alijiuma mkono wake mwenyewe, ulikuwa na makovu tangu kiwiko hadi kiganja. Tena alikuwa anakimbia. Mlango ukiachwa wazi, anatoka mbio hadi ziwani, na mtu mzima lazima amfuate.

Siku ya kwanza mwalimu hakutufundisha kusoma. Alituuliza mmoja mmoja, "Ukikasirika, nani huwa anakushika?"

Mimi nikasema walimu. Mwenzangu akasema mama, na kamba.

"Hapa mtajifunza kujishika wenyewe," akasema mwalimu. "Mkono wa mtu mwingine huchoka."

Hatukumwelewa. Lakini alianza na mambo madogo mno. Alikata karatasi ya manila, kila mmoja akapata kadi yake, na juu yake akaandika maswali matatu: Nimekaa mahali pangu? Nimeuliza kabla ya kuchukua? Mikono yangu imebaki kwangu? Mezani kwake aliweka chupa mbili za maji zilizounganishwa midomo, ndani mna mchanga wa ziwani. Mchanga ukiisha kushuka, sote tunanyamaza, kila mtu anajiwekea alama mwenyewe, vema kwa ndiyo au mkasi kwa hapana. Yeye naye alikuwa anatuwekea kwenye daftari lake, hatulioni. Mchana kabla ya kutoka alituita mmoja mmoja, akalinganisha.

Nataka uelewe jambo hili, maana ndilo lililonibadilisha. Siku ya tatu nilimpiga mtoto kofi. Mchanga ulipoisha nikajiwekea vema, kwa hofu. Mchana mwalimu akafungua daftari lake, kulikuwa na mkasi. Hakunichapa. Alisema tu, "Hatujalingana." Kesho yake nikampiga mwingine, nikajiwekea mkasi. Mwalimu akatazama kadi, akatazama daftari, akasema, "Tumelingana. Umepata." Akanipa pointi.

Nilimwambia, "Mwalimu, mimi si nimepiga?"

"Umepiga. Na umejiona. Asiyejiona hawezi kujishika."

Nilirudi nyumbani nikamwonyesha bibi ile kadi. Bibi aliigeuza pande zote mbili kama mtu anayetafuta bei. "Sasa hiyo kalatasi ndiyo itakutibu?" akauliza. "Mtoto ajihukumu mwenyewe? Hata hakimu hajihukumu." Lakini baada ya wiki kadhaa, tukiwa tunageuza dagaa, akauliza bila kunitazama, "Jana ulijipa ngapi?" Tangu siku ile akawa anauliza kila asubuhi, na lile neno lake la zamani akaliacha.

Baadaye mwalimu alitufundisha kutafuta hasira inakoanzia mwilini. Yangu inaanzia masikioni, yanapata moto. Ya mwenzangu ilianzia vidoleni. Alitufundisha kwamba kati ya masikio kupata moto na mkono kunyanyuka kuna nafasi, ndogo lakini ipo, na humo ndimo mtu anapojishika. Mimi niliweka viganja kwapani nikahesabu mawe ya kilimani kupitia dirishani. Mwenzangu alipewa kizibo cha soda. Vidole vikianza, anakigeuza juu ya dawati mwalimu akione, kisha anatoka bila kuomba, anakwenda kwenye ndoo karibu na tangi, ananawa uso, anarudi.

Bibi yangu aliposikia hilo alicheka. Mtoto anayekimbia umfungulie mlango?

Ilikuwa siku ya joto, kabla ya mvua za vuli. Mtoto mmoja alikuwa amemgonga mwenzangu mguuni kwa bahati mbaya. Nikaona vidole vyake vinajikunja. Akageuza kizibo. Akatoka. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni, lakini chaki yake ilikuwa haiandiki kitu cha maana, niliona, ilikuwa inapita juu ya maneno yale yale. Hakwenda dirishani. Hakumtuma mtu. Sote saba, yaani sita tuliobaki, tulisikiliza. Tukasikia kata inagonga ndoo. Tukasikia maji. Halafu kimya kirefu, na mimi nikajua amekwenda ziwani. Kisha akaingia, uso unadondosha maji, sketi imelowa, akakaa. Akachukua penseli, akajiwekea vema.

Mwalimu akasema, "Tuendelee." Lakini alitupa mgongo muda mrefu kabla ya kuendelea.

Tulikaa naye mwaka mmoja na nusu. Nikikumbuka utoto wangu, huo ndio utoto ninaoukumbuka. Uji wa ulezi wa saa nne tuliokunywa barazani kwa zamu, kila mmoja akijaza kikombe cha mwenzake kwanza. Mvua ikipiga bati mpaka mwalimu anaandika badala ya kusema. Mimi na mwenzangu tukirudi nyumbani kupitia njia ya mawe, tukikaa juu ya jiwe moja bapa lililohifadhi joto la mchana, tukila mabaki ya mapanki ya mama yake kwenye gazeti, tukisikia feri inapiga honi ikitoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Makovu ya mkono wake yalikuwa yameanza kupauka. Hakukuwa na jipya.

Kidogo kidogo mwalimu alijiondoa. Mchanga ukawa wa asubuhi tu, halafu hakuna mchanga. Kadi ikawa ya wiki. Alisema hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwamba siku moja hatakuwepo.

Siku hiyo ilikuja mapema. Mwishoni mwa muhula alikuja mgeni kutoka ofisi za elimu, akatukuta tumekaa kimya tunasoma. Alifurahi. Nilimsikia akimwambia mwalimu mkuu nje ya dirisha, "Hawa mbona wazima? Warudisheni madarasani, chumba kinahitajika." Mwalimu wetu alitoka, akaongea nao kwa ile sauti yake ya chini, sikusikia maneno. Niliona tu anaonyesha daftari lake, na mgeni anatazama saa. Muhula uliofuata alipewa uhamisho. Alituaga mmoja mmoja kwa mkono, kama watu wazima. Akaniambia, "Unaweza sasa." Nami nilimwamini.

Tukarudishwa darasa la tano, mimi na mwenzangu, mkondo mmoja. Watoto walikuwa wengi hata wengine walikaa sakafuni. Tulikaa mbalimbali. Mimi nilifanya hima kuwa kama wengine. Nilipata marafiki ambao hawakujua nilikotoka, au walijua wakasahau, na niliomba Mungu wasikumbushwe. Njiani sikupitia tena njia ya mawe. Mwenzangu alinisubiri siku mbili tatu, kisha akaacha.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikikawia kufika.

Kilikuwa kipindi cha hesabu. Mwalimu wa hesabu alikuwa mwanaume mkali lakini si mbaya. Alikuwa mgeni, hakuna aliyemwambia kitu. Mwenzangu alikuwa safu ya mbele. Mtoto wa nyuma yake alikuwa anamvuta nywele, nilimwona. Nikaona vidole vyake. Akatoa kizibo cha soda mfukoni, akakiweka juu ya dawati, akakigeuza. Kisha akasimama, akaelekea mlangoni.

"Wewe, unakwenda wapi?" mwalimu akauliza.

Hakujibu. Kwa yule mwalimu wetu hakutakiwa kujibu, hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Aliendelea kwenda, si mbio, anatembea.

"Kiranja, mrudishe huyo."

Kiranja akamdaka kwa nyuma. Mwenzangu akageuka, akamuuma. Mwalimu akaja kuamua, akaumwa yeye pia, damu ikatoka kiganjani. Walimshika watu watatu, akawa analia neno moja, "Nanawa. Nanawa. Nanawa."

Mwalimu wa hesabu alifunga mkono wake kwa kitambaa. Akatugeukia. Naona mpaka leo kwamba alitaka kujua kweli. Akauliza, "Kuna anayejua huyu alikuwa anakwenda wapi?"

Masikio yangu yalipata moto. Nikaweka viganja kwapani. Nikatazama dirishani nikaanza kuhesabu mawe. Nilihesabu moja moja, taratibu, kama nilivyofundishwa, mpaka moto ukapoa, mpaka swali likapita. Nilijishika. Sijawahi kujishika vizuri kama siku ile.

Kesho yake alichapwa mstarini mbele ya shule nzima, na mama yake akaitwa kumchukua. Mama alikuja na aproni yake yenye mafuta. Hakubishana na mtu. Alimshika mwanaye mkono, wakatoka getini. Mwenzangu hakugeuka kunitafuta, na ingekuwa afadhali angegeuka. Jumamosi nikasikia amevushwa Kamanga, kwa mama yake mkubwa.

Bibi aliniuliza asubuhi baada ya siku ile ya hesabu, mikono yake ndani ya dagaa, "Jana ulijipa ngapi?" Nikamwambia vema zote. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakukuwa na daftari la pili la kulinganisha. Tangu hapo alipouliza nilijibu hivyo hivyo, na bibi alikufa akiamini kwamba nimepona.

Nilimaliza shule, nikaolewa, nikahamia Buhongwa. Watu huniita mpole. Na Kamanga, wewe unajua, si mbali, feri inavuka mara nyingi kwa siku. Sikuwahi kwenda. Mpaka siku ile nilipoona ile stoo. Wiki iliyofuata nilipanda feri.

Haikuwa kazi kupata nyumba. Niliulizia binti aliyeletwa zamani kutoka Igogo, nikaelekezwa kwa mama yake mkubwa; mama mzazi alishafariki. Nilimkuta huyo mama mkubwa, mzee sasa, yuko mlangoni anachambua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamweleza nilisoma na binti yake. Akanitazama kwa mshangao, kisha akaonyesha uani kwa kidevu. "Yuko kule. Hana neno siku hizi. Zamani tulikuwa tunamfunga kwenye nguzo ya jiko, maana tungefanyaje, na watoto wadogo walikuwepo. Sasa hata ukimwacha wazi hatoki." Alisema hayo bila ukatili, kama mtu anayeelezea ugonjwa wa mguu.

Alikuwa amekaa chini karibu na jiko, anachagua maharage kwenye ungo. Amenenepa. Nywele zimenyolewa. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa na kovu pana, jeusi, lililozunguka. Mikono sikuitazama, nilishindwa. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake nikamuuliza kama ananikumbuka.

Alinitazama usoni. "Tulikaa dawati moja," akasema.

"Ndiyo."

Akarudi kwenye maharage. Akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni. Halafu akauliza, bila kunyanyua kichwa, "Mwalimu amerudi?"

Mwanamke mzima, ana umri wa kuwa na wajukuu karibuni kama angejaliwa. 

"Bado," nikasema.

"Wakifungua darasa utaniambia."

"Nitakuambia."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumweleza kuhusu siku ya hesabu. Nilikuwa nimeyapanga maneno, hata lile la kuanzia. Nikakaa pale, nikamsaidia kuchagua maharage, tukala ugali wa muhogo na dagaa, nikamuaga. Sikuyasema.

Sasa nikifikiri, sidhani yule mwalimu wa Kagera alikosea. Nimemtafuta. Wanasema alistaafu akarudi kwao, wengine wanasema hayupo tena duniani, na hakuna mwenye namba yake. Yale aliyotufundisha yalikuwa ya kweli, mwenzangu aliyafanya sawasawa mpaka dakika ya mwisho, alisimama na kutembea kwenda kunawa. Lakini mwalimu alitufundisha watoto saba kujishika, na hakuna aliyewafundisha wakubwa wa shule nzima kutuachia. Wala mimi sikuwafundisha, niliyekuwa najua.

Nikienda Igogo leo sioni hata pa kuanzia kukuonyesha. Mwaloni pale bibi alipokuwa anaanika pamezungushiwa uzio wa bati. Lile jiwe bapa limepasuliwa kokoto, mahali pake kuna nyumba. Watoto wa siku hizi wenye mambo kama yetu wapo, nawasikia wakilia kwenye nyumba za jirani, na nasikia vilevile sauti za wanaowashika. Mimi hupita nikiongeza mwendo.

Barua yangu ya shule niliipata, na kazi nikaipata. Ni mwezi wa tisa sasa. Siku ile Kamanga nilimwambia mwenzangu nitarudi kumtazama kabla ya Pasaka, na mzee alisema watanipikia kuku. Sijarudi.